Zulia Jeusi la Bwawani

Aliyeliona tundu kwanza alikuwa mama yake Kabari. Alitoka bafuni na kopo mkononi, povu la sabuni bado limemganda nyuma ya sikio, akamsimamia mwanawe aliyekuwa akinywa chai kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Siku hizi bafu letu lina dirisha?"

"Dirisha gani, mama?"

"Inuka ukaone. Nimejipaka sabuni, nageuka hivi, namwona jirani anaanika mashuka. Kama mimi namwona yeye, yeye ananionaje mimi?"

Kabari aliinuka. Bafu hilo alilijenga kwa mikono yake, nguzo nne na plastiki nyeusi nene iliyozungushwa pande zote, mabaki ya kazini kwake. Kazini plastiki ile waliiita zulia. Ilikuja kwa majora makubwa yaliyoshushwa kwa winchi, ikatandazwa chini na kwenye kingo za bwawa jipya la dampo la mji, na kazi yake ilikuwa kuunganisha jora na jora kwa mashine yenye kabari ya chuma iliyopashwa moto. Ndipo alipopata jina. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake akikasirika.

Bwawa lilijengwa kupokea maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye lundo la taka. Mafundi waliyaita mchuzi, na hakuna aliyecheka tena kwa sababu walishazoea. Zulia likishika, mchuzi unatulia bwawani hadi usafishwe. Zulia lisiposhika, unazama ardhini, na chini ya mteremko ule kulikuwa na visima vya nusu ya mtaa, kikiwemo cha nyumbani kwa Kabari.

Tundu lilikuwa pembeni, pale plastiki ilipokunjwa kuzunguka nguzo. Lilikuwa la mraba, upana wa kiganja, na kingo zake zimenyooka.

"Panya," Kabari alisema.

"Panya mwenye rula?"

Kabari alipitisha kidole kwenye kingo zile. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekata vitu namna hiyo, hata mkate, na mtu huyo alikuwa mke wake. Alifanya kazi katika maabara ya kupima vifaa vya ujenzi, upande wa plastiki. Kutwa alikata, akapima uzito, akachoma, akaandika. Kabari alimwita Mtaalamu, mwanzo kwa utani wa uchumba, baadaye kwa mazoea. Leo Jumamosi, siku ambayo si zamu yake, Mtaalamu alikuwa ameondoka mapema akisema ameitwa.

"Mimi sisemi kitu," mama alisema, na Kabari akajua kwamba sasa atasema. "Simu anaipokelea nje. Juzi alikuwa ameishika ovaroli yako anainusa, anainusa kola, ananusa mikono. Mwanamke hanusi nguo ya mumewe hivi hivi. Ama anatafuta harufu ya mtu, ama ana mtu wake anataka kumfananisha na wewe."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema sisemi kitu."

Kabari alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kuhusu ile ovaroli, hata yeye alikuwa ameona.

*

Mkewe aliporudi alasiri alikuta chakula kimefunikwa na mumewe ameketi sebuleni, mgongo kwenye friji. Friji lilikuwa sebuleni kwa sababu jikoni halikuenea. Lilikuwa na mkwaruzo mrefu mlangoni, lakini liligandisha vizuri, na tangu liingie ndani ya nyumba mama alikuwa akiwauliza wageni wote kama wangependa maji baridi, hata siku za mvua.

"Kuna mtu amekata bafu," Kabari alisema.

"Amelikata vipi?"

"Kwa wembe. Kipande cha hivi."

Mtaalamu aliweka mkoba mezani, akavua viatu kimoja kimoja. "Labda watoto wa jirani. Wanatengeneza mipira."

Kabari alimtazama. Katika miaka yote ya ndoa yao mwanamke huyu hakuwahi kujua kudanganya. Alipojaribu, alikuwa anaongeza maelezo. Watoto wanatengeneza mipira. Nani amemuuliza wanatengeneza nini?

"Kazini kulikuwa na nini leo?"

"Mashine." Akalitazama friji nyuma ya kichwa cha mumewe. "Hivi huyu Nyapara wenu, friji hili alikupa kwa sababu gani hasa?"

"Si nilikwambia? Alinunua jipya."

"Na mafundi wengine aliwapa nini?"

"Alikuwa na friji moja, Mtaalamu. Ulitaka alikate vipande agawe?"

Neno vipande lilianguka katikati yao, kila mmoja akalisikia. Mama aliingia na glasi ya maji baridi, akampa mkwewe kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo hakuwa nayo asubuhi, akakaa kitako kusikiliza. Hakukuwa na la kusikiliza. Walikula, na kila Kabari alipoinua macho alimkuta mkewe anayashusha yake.

*

Jumatatu aliomba ruhusa kwa Nyapara, akasema jino linamuuma, akaenda maabara.

Mlinzi wa getini alimfahamu vizuri. Kila jora jipya lilipoletwa bwawani, lilikatwa kipande cha kupelekwa kupimwa, na aliyekibeba alikuwa Kabari. Nyapara alikuwa amemwambia, kwa nini nilipe nauli ya mtu mwingine na wewe mkeo yuko kule kule? Mfuko ulitoka kwa Nyapara umefungwa kwa utepe, ukafika mapokezi umefungwa kwa utepe.

"Mzigo uko wapi?" mlinzi aliuliza.

"Leo sina mzigo. Nimekuja kumwona mke wangu."

"Aa." Mlinzi akarudisha lango nusu. "Ukiwa na mzigo unaingia. Ukiwa mume unasubiri saa ya chakula."

"Mimi ni yule yule, bwana."

"Wewe ni yule yule. Utaratibu ndio tofauti."

Basi akasubiri nje ya uzio, juani, kama mtu aliyekuja kuomba kibarua. Watu waliingia na kutoka, wengine wakimsalimia kwa kidevu. Kupitia dirisha la pembeni aliweza kuona chumba cha mashine, na ndani yake mkewe, koti jeupe limemkaa vizuri, ameinamia meza pamoja na mwanamume. Vichwa vyao vilikaribiana. Mwanamume alisema kitu, Mtaalamu akaweka mkono mdomoni. Kabari alishika waya wa uzio kwa mikono miwili.

Saa ya chakula yule mwanamume ndiye aliyetoka kwanza. Kwa karibu alionekana vingine: kipara, miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, suruali iliyopandishwa juu ya kitovu. Alimwona Kabari, akatabasamu kwa meno yote.

"Shemeji! Umefuata majibu mwenyewe? Hata mimi nimemwambia mkeo, hilo bafu lenu mlibomoe kabla halijawaangukia."

"Majibu gani?"

"Ya kile kipande. Si tumekipika tangu Jumamosi?" Mzee alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu tangu asubuhi. "Unachukua kipunje kidogo, unakitia kwenye tanuri, joto likifika unakipulizia oksijeni, unahesabu muda hadi kianze kuharibika. Plastiki nzuri ina dawa ndani yake ya kuikinga. Inavumilia zaidi ya dakika mia, hata mia na hamsini. Hiyo ya bafuni kwenu haikufika kumi. Tukachoma nyingine tuone majivu. Nzuri haiachi kitu cha maana. Hii imeacha unga mweupe kama wa ubao wa darasani. Chaki, shemeji! Mmeuziwa ndoo kuukuu zilizoyeyushwa zikachanganywa na chaki na masizi. Mlinunua wapi?"

Kabari alijisikia akijibu, "Sokoni."

"Karudisheni. Ila nyamaza, mkuu hajui kama tumetumia mashine kwa mambo ya nyumbani."

Mzee akaenda zake kutafuta chakula. Kabari hakumsubiri mkewe. Alitembea hadi kituo cha basi na akakipita bila kusimama. Hakukuwa na mwanamume. Mwanamume alikuwa huyu mwenye suruali ya kitovuni. Alipaswa kushusha pumzi, na kwa hatua chache aliishusha kweli. Kisha likamjia lile jambo lote, mkewe akinusa ovaroli, mkewe akilitazama friji, akaelewa kwamba anayechunguzwa ni yeye, na akajikuta anatamani ingekuwa ni mwanamume. Hilo angejua jinsi ya kulikasirikia.

*

Alimkuta mama uani anafua. Mtaalamu alifika si muda mrefu baada yake, ameomba ruhusa naye; mzee wa kipara alikuwa amemsimulia. Hakusalimia. Aliingia, akatoka na bahasha ya kaki, akasogeza nguo za mama pembeni, akaweka beseni la maji safi juu ya jiwe la kufulia.

"Mama, samahani, naomba dakika moja."

"Chukua hata kumi. Mimi nani humu?"

Mtaalamu alitoa vipande viwili vyeusi. Kwa macho vilikuwa pacha, weusi ule ule, unene ule ule.

"Hiki kimesalia kwenye ile sampuli uliyoniletea kutoka bwawani. Kilipita vipimo vyote, na mimi ndiye niliyepima." Akakitupa majini. Kikazama kidogo, kikarudi juu, kikaelea.

"Hiki ni cha bafuni."

Alikilowesha, akakifuta viputo vya hewa kwa kidole, akakiachia. Kilishuka taratibu hadi chini ya beseni, kikalala.

Mama alisogea kuchungulia. "Chuma?"

"Chaki, mama. Ni nzito." Hakuwa akimtazama mama. "Bafu hili halina hata mwaka. Msimu mmoja tu wa jua na kwenye mikunjo limeanza kupasuka nyufa kama kisigino. Plastiki niliyoipima mimi haipasuki hivyo. Nikajiuliza, mbona mabaki ya bwawani si kama sampuli ya bwawani? Haya, Fundi. Mabaki ya bafu uliyatoa kwenye jora lipi?"

Alimwita Fundi kama mteja anavyomwita fundi.

"Ya mzigo wa pili," Kabari alisema. "Ya chini."

"Chini ya bwawa."

"Ndiyo."

"Na sampuli za mzigo wa pili nani alizikata?"

"Nyapara. Alinipa mfuko umefungwa."

"Ulimwona akikata?"

"Sikumwona."

"Hukumwona, au hukuangalia?"

Kabari alitazama kipande kilicholala chini ya beseni. Angeweza kusema hapana tena; hapana ilikuwa tayari ulimini.

"Ulinusa nini?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini zaidi. "Wewe unaziunganisha kwa moto, uso wako uko juu yake kutwa. Mimi nimenusa nguo zako wiki nzima na hata mimi nimesikia. Usiniambie hukunusa."

"Nilinusa."

"Nini?"

"Kama ndoo iliyoungua. Na mafuta ya taa kwa mbali. Mzigo wa kwanza haukuwa hivyo, ulikuwa kama mshumaa tu. Na ule wa pili ulikuwa unashika vibaya, ukivuta mshono unabanduka, ikabidi nipunguze mwendo wa mashine. Nikamwambia Nyapara. Akaniambia, kazi yako kuchoma, si kunusa."

"Ukachoma."

"Maabara ilisema ni nzuri!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, jirani aliyekuwa akianua mashuka akasimama. "Wewe ulisema ni nzuri, Mtaalamu. Nilijiambia, kama mke wangu amepima na kasema nzuri, mimi na pua yangu ni nani?"

"Na mimi nilipima nilicholetewa. Aliyeniletea ni mume wangu, nikajiambia, mume wangu hawezi kuniletea kitu cha uongo. Siku hiyo hata utepe sikuutazama mara mbili."

Walisimama pande mbili za beseni. Kabari alitaka kumgusa, lakini mikono yake aliiona michafu.

"Ungeniuliza," alisema. "Badala ya kukata bafu kwa siri."

"Nilitaka kwanza kujua kama nimeolewa na mwizi."

"Na umejua?"

Mtaalamu alikusanya vipande vyake, akavikausha kwa upindo wa nguo, akavirudisha kwenye bahasha. "Bado," alisema.

Mama ndiye aliyeuliza lililobaki. "Na maji ya kisima?"

"Bwawa halijafunguliwa," Kabari alisema. "Linafunguliwa Alhamisi."

*

Mtaalamu alipeleka habari kwa mkuu wa maabara, na mkuu akamsikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamia kalamu yake. Kisha akamwambia kipande cha bafuni hakithibitishi kitu mahakamani wala sokoni. Yeyote atasema kimeokotwa jalalani. Kinachotakiwa ni kipande kilichokatwa bwawani penyewe, mbele ya ofisa wa mji. Na akaongeza, huku akimtazama sasa, kwamba kabla ya kupiga kelele ni vyema mtu akajiuliza mfuko ule ulibebwa na nani.

Kabari naye alikwenda kwa Nyapara. Alikwenda kwa sababu alikuwa bado na tumaini la kijinga kwamba mambo yangemalizwa kwa mazungumzo, na kwa sababu alitaka mtu mwingine awe ndiye mwenye kosa.

Nyapara alimpokea kwenye kontena lililokuwa ofisi, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jino limepona?"

"Limepona, mkuu. Nimekuja kuhusu mzigo wa pili. Nafikiri tuupime upya kabla ya Alhamisi."

"Unafikiri." Nyapara alilifunga faili, akaliweka sawa na pembe ya meza. Alikuwa mtu mpole; hata kutukana alitukana taratibu. "Friji linagandisha?"

"Linagandisha."

"Mama anasemaje?"

"Anashukuru."

"Basi tusimharibie mama furaha yake. Sikiliza, Kabari. Mzigo umepimwa. Aliyepeleka sampuli ni wewe. Aliyepima ni mkeo. Mimi nimekaa hapa hapa, sijatia mguu maabara. Sasa ukisema kuna udanganyifu, watu watauliza wanandoa hawa walikuwa wanapanga nini chumbani kwao. Mimi niko wapi hapo?"

Kabari alivihesabu kichwani. Friji, nauli, mkeo yuko kule kule. Vyote vilikuwa vimekaa mahali pake tangu mwanzo, na yeye ndiye aliyekuwa akitabasamu.

"Kuna kazi ya uangalizi wa bwawa likishafunguliwa," Nyapara aliendelea. "Ya kudumu. Nimetaja jina lako. Usije ukamwaga unga wako mwenyewe."

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe kila neno. Mtaalamu alisikiliza akiwa anapanga vyombo. "Amekwambia hivyo hivyo?" aliuliza. "Au ndivyo unavyoniambia mimi?"

*

Jumatano asubuhi mhandisi wa mji alikuja kukagua kwa mara ya mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe na buti zilizomzidi mguu, na nyuma yake walifuatana watu wa kampuni, kila mmoja akimwonyesha kitu ambacho tayari alikuwa akikitazama. Nyapara alitembea mbele. Bwawa lilikuwa limeoshwa, zulia linang'aa jeusi kama mgongo wa mnyama, na mafundi walipangwa ukingoni wamevaa ovaroli safi.

Kabari alitoka kwenye mstari. Alishika kamba ya usalama, akashuka ubavu wa bwawa hadi chini, akatembea hadi katikati. Walidhani ametumwa. Nyapara peke yake ndiye aliyetambua, akaita, "Kabari! Rudi juu!" kwa sauti ambayo bado ilikuwa ya upole.

Alichomoa kisu cha kazi, kile chenye ncha ya ndoano. Alikuwa amepanga kukata kipande cha kutosha kupimwa, lakini alipoanza alipata wazo lingine, akavuta kisu mbele, hatua baada ya hatua, akageuka, akavuta tena. Mkato mdogo ungezibwa kwa kiraka kabla ya jua kuzama. Alipomaliza alikuwa amekata eneo la ukubwa wa mlango, na udongo mwekundu ulionekana chini yake.

Juu kulikuwa na kelele. Mtu alipiga filimbi. Mhandisi alikuwa ameshashuka nusu ya ubavu, buti zikimteleza, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumshika.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakata sampuli, mama. Ya mzigo wa pili. Zile zilizopimwa hazikutoka humu."

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye niliyezibeba."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyedanganya."

"Sijui," Kabari alisema. Lilikuwa jibu la kweli, na alipolisikia lilikuwa jibu baya sana.

Nyapara alifika akihema. "Huyu tulimkatalia kazi ya uangalizi, mheshimiwa. Analipiza kisasi. Mkewe yuko maabara, muulize! Atapeleka hilo zulia kwa mkewe, mkewe atatoa jibu analolitaka."

Mhandisi alimgeukia Kabari. "Mkeo yuko maabara?"

"Ndiye aliyepima."

"Nani amekutuma? Kuna kampuni nyingine inataka kazi hii?"

"Hakuna, mama."

"Umelipwa?"

"Nilipewa friji," Kabari alisema, "lakini na huyu."

Mafundi wawili ukingoni walicheka, wakajizuia. Mhandisi hakucheka. Alimtazama Kabari kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na kitu cha wizi ambaye anasema alikuwa anakirudisha. Kisha akainama, akamnyang'anya kisu, akakata mwenyewe kipande kutoka kwenye lile zulia, akakitia kwenye begi lake la mgongoni na kulifunga zipu.

"Hakitapimwa na mkeo," alisema. "Wala katika mji huu. Na bwawa hili halifunguliwi na shimo kama hilo. Nyinyi nyote mtaandika maelezo."

Walinzi walimsindikiza Kabari hadi nje ya lango. Ovaroli walimvua pale pale barabarani, kwa kuwa ni mali ya kampuni, akaenda nyumbani na fulana na kaptula, huku wanafunzi waliotoka shule wakimpisha njia.

*

Majibu yalichukua muda kurudi, na katika muda huo mtaa ulikuwa umeshatoa yake. Wapo waliosema Kabari alilipwa na kampuni pinzani. Wapo waliosema yeye na mkewe walikuwa wamekula pamoja na Nyapara, wakagombana kwenye kugawana. Vijana wa kampuni, wametumwa na Nyapara, walikuja kulichukua friji. Mama alilifungua, akatoa vitu kimoja kimoja, akaufuta mlango kwa kitambaa, hata ule mkwaruzo, akawaambia walibebe wima. Walipoondoka alikaa sebuleni kwenye ile sehemu tupu, na wiki nzima hakumkaribisha mgeni yeyote maji.

Kwenye maabara, Mtaalamu alihamishiwa mapokezi. Mkuu alisema ni kwa muda, mpaka hali itulie. Alipokea mifuko ya watu wengine, akawaandikia risiti, akawatazama wakipita kwenda chumba cha mashine. Mzee wa kipara aliacha kumsimulia mambo.

Aliyemletea Kabari habari alikuwa Mtaalamu mwenyewe. Aliingia uani, Kabari akiwa anaziba lile tundu la bafu kwa kipande cha gunia.

"Yamerudi," alisema. "Mzigo wote wa pili ni mbaya. Wanaung'oa. Lakini watakaotandika upya ni mafundi wengine."

"Na Nyapara?"

"Amehamishiwa bwawa la mji mwingine."

Kabari aliachia nyundo. Alingoja atajwe yeye.

"Wewe wameandika kwamba ulishiriki kwa uzembe," alisema Mtaalamu. "Na mimi hivyo hivyo. Sentensi moja, wote wawili."

"Angalau wametuweka pamoja."

Alitaka iwe mzaha. Mtaalamu hakucheka, lakini alishika upande wa pili wa gunia ili apigilie.

Miezi ilipita kabla Kabari hajapata kazi ya kuziba matangi ya maji, matangi ya plastiki ya majumbani, kwa mwenye karakana aliyemchukua baada ya kumuuliza mara tatu kama ndiye yule wa bwawani. Jioni ya siku ya kwanza mkewe alimwekea chai, akakaa mbele yake, viwiko mezani.

"Niambie."

"Nikwambie nini?"

"Ulichofanya. Kuanzia asubuhi."

Kabari alimweleza. Matangi yalikuwa ya nani, yalipasukia wapi, mwenye karakana alisema nini, plastiki ya kuzibia ilitoka kwenye gunia gani na ilipoyeyuka ilinukaje. Mahali fulani alisita, kwa kuwa kulikuwa na tangi moja ambalo kiraka chake hakikumridhisha, na mwenye karakana alikuwa na haraka. Alilisema na hilo. Mtaalamu aliuliza tangi la nani, limerudi kwa mwenyewe au bado liko karakana. Lilikuwa bado liko karakana. Akamwambia kesho aanze na hilo.

Alimsikiliza jinsi alivyokuwa akisubiri mizani itulie, macho yake yakienda usoni mwa mumewe, yakishuka mikononi, yakirudi. Kabari aliona wazi kwamba hakuwa akiamini yote. Chai ilipoa. Akaivuta karibu, akaendelea kueleza kuhusu tangi la pili.